Wekundu wa damu hauna ADN

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha familia moja huko Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mimi si wa ukoo ule. Niliitwa kwa sababu nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na mmoja wa mabinti zao aliwahi kukaa darasani kwangu. Kulikuwa na mzozo. Kijana wao alikuwa amefanyiwa kipimo cha ADN, yaani DNA, ili ijulikane kama mtoto aliyezaliwa ni wake, na watu wa labo hawakumtoa damu hata tone. Walimpangusa ndani ya mashavu kwa vijiti viwili vya pamba, wakavitia kwenye bahasha, wakaandika jina na tarehe. Mtoto naye vilevile. Dakika tano zikatosha.

Baba mdogo wa kijana alikuwa amekasirika. "Mwalimu," akaniambia, "mate ni kitu cha kutema. Ukoo uko kwenye damu. Hawa wamekula pesa yetu bure. Hicho si kipimo."

Sikumhesabu kuwa mtu asiyejua kitu. Alikuwa anasema kile ambacho lugha yetu yenyewe imemfundisha. Tunasema "huyu ni damu yangu". Tunasema damu ni nzito kuliko maji. Wazee wetu walichanjiana ili wawe ndugu. Hakuna aliyewahi kusema "huyu ni mate yangu". Mate yamebaki kwenye matusi. Lakini hata hivyo baba mdogo alikosea, na kosa lake nalisikia mahali pengi: kwenye teksi za Nyawera, kanisani, kwenye redio, hata kwa watu waliosoma. Kila kesi ya ADN inapotajwa, watu wanabishana kuhusu damu kana kwamba siri iko ndani ya rangi yake.

Tuanze na majina, maana nayo yanachanganya. ADN ndivyo tunavyosema huku kwetu, kwa kufuata Kifaransa. Wenzetu wa upande wa Kiingereza wanasema DNA, na Tanzania utasikia pia "vinasaba". Wote wanataja kitu kimoja: uzi mrefu mno na mwembamba mno, uliokunjwa ndani ya kiini cha seli, wenye maagizo ya kuujenga mwili wako. Seli ndiyo tofali la mwili, na kiini ni kichumba kidogo katikati ya tofali hilo. Ndani ya kiini uzi huo umegawanyika vipande 46, viitwavyo kromosomu: 23 kutoka kwa mama, 23 kutoka kwa baba. Nusu kwa nusu. Hesabu za kesi za baba zote zinaanzia hapo.

Sasa jambo ambalo lilimnyamazisha baba mdogo kwa muda: uzi huo ni uleule katika seli ya damu, ya shavu, ya ngozi, ya mzizi wa unywele. Damu haina ADN yake na mate ADN yake. Kama kitabu kimoja kimechapwa nakala nyingi, na kila chumba cha nyumba kimepewa nakala moja, haijalishi umeingia chumba gani kukisoma.

Kisha nikamwambia la pili, na hili hakulipenda kabisa. Kile kinachoifanya damu iwe nyekundu hakina ADN ya kiini hata kidogo. Seli nyekundu za damu ya binadamu, zikishakomaa, hutupa kiini chao ili zipate nafasi ya kubeba oksijeni. Ni kama lori lililong'olewa viti vyote ili lipakie mzigo zaidi. Katika kila milimita moja ya ujazo wa damu kuna seli nyekundu kama milioni 5, na zote hizo kwa kipimo cha ADN ni bure. Zinazotusaidia ni seli nyeupe, askari wa mwili, ambazo katika milimita hiyohiyo ni kati ya 4,000 na 10,000 hivi. Ni chache ukilinganisha, lakini tone moja tu la damu lina zaidi ya laki mbili, na hizo zinatosha na kubaki. (Kuku ni tofauti. Seli nyekundu za kuku, za samaki na za nyoka zina kiini. Wanafunzi wangu huwa hawaamini kwamba katika jambo hili kuku ametushinda.)

Na mate? Mate yenyewe karibu yote ni maji. Lakini ngozi laini ya ndani ya mashavu hujivua kila wakati, seli zake zikielea mdomoni, na humo zimo pia seli nyeupe zilezile zilizoko kwenye damu. Kile kijiti cha pamba kilikuwa kinakusanya seli za shavu. Mate yalikuwa maji ya kuzibeba tu.

Darasani sielezi hili kwa mdomo peke yake. Nina glasi za kioo, chumvi, sabuni ya kuoshea vyombo, na chupa ya alkoholi kali kutoka famasi ambayo nimeilaza usiku kucha mahali pa baridi. Mwanafunzi anasukutua mdomo kwa maji yenye chumvi, nusu dakika nzima, akikwaruza mashavu kwa ulimi, halafu anatema kwenye glasi. Tunatia tone la sabuni na kukoroga polepole bila kufanya povu. Sabuni inayeyusha mafuta ya utando wa seli, kama inavyoyeyusha mafuta kwenye sufuria ya sombe, na uzi unatoka nje. Kisha namimina alkoholi ile baridi, taratibu, kwenye ukuta wa glasi iliyoinamishwa, hadi ikae juu ya maji bila kuchanganyika. Tunasubiri. Darasa la watoto zaidi ya 50 linanyamaza. Pale maji na alkoholi vinapokutana, panaanza kuonekana wingu jeupe, halafu nyuzi, laini kama utando wa buibui, zinapanda juu na vipovu vidogo. Unaweza kuzizungusha kwenye kijiti cha kuchokolea meno.

Nawaambia ukweli wote: nyuzi zile si ADN tupu, zimechanganyika na protini, na humo imo ADN ya bakteria wa mdomoni. Lakini ADN yako imo, imetoka kwenye mate, na hakuna aliyechomwa sindano.

Tatizo linalofuata ni kwamba kuona uzi si kumjua mwenye uzi. Watu wawili wowote duniani wanafanana karibu katika ADN yao yote. Tofauti ni chini ya asilimia moja. Kwa hiyo labo ya uchunguzi wa jinai haisomi uzi wote. Inakwenda moja kwa moja kwenye sehemu chache ambazo zinajulikana kubadilika sana kati ya mtu na mtu.

Fikiria kikwembe, yaani kitenge. Ua limechorwa, halafu limerudiwa, limerudiwa tena. Kwenye ADN kuna sehemu kama hizo: herufi nne za yale maagizo zinazorudiwarudiwa zikifuatana. Sehemu moja inayotumika sana iko kwenye kromosomu ya 11. Kwa mtu mmoja ua linarudiwa mara 6, kwa mwingine mara 9. Na kwa kuwa una kromosomu mbili za namba hiyo, moja ya mama na moja ya baba, wewe una namba mbili: tuseme 6 na 9. Hilo peke yake halikutambulishi, maana watu wengi sana wana 6 na 9. Lakini labo inapima sehemu nyingi kwa mkupuo. Marekani, tangu 2017, wanaotunza kumbukumbu za ADN za taifa wanataka sehemu 20. Tuseme kwa mfano kwamba katika kila sehemu mtu mmoja kati ya kumi ana namba kama zako. Sehemu mbili: mmoja kati ya mia. Sehemu tatu: mmoja kati ya elfu. Endelea hivyo hadi 20, utavuka mbali idadi ya watu wote waliopo duniani. Ndiyo maana matokeo ya ADN ni karatasi ya namba. Wengi wanatarajia picha au jina. Mtaalamu anazilinganisha namba za doa na namba za mtu, basi.

Kwa mtoto hesabu ni nyepesi zaidi. Kila sehemu, namba moja ya mtoto lazima iwe imetoka kwa mama. Ile iliyobaki lazima ionekane kwa baba. Isipoonekana katika sehemu kadhaa, huyo si baba wa kumzaa, na hapo jibu ni thabiti. Sehemu moja tu ikikataa, mtaalamu hatangazi haraka, kwa sababu mara chache namba hubadilika wakati wa kurithiwa. Zikikubali zote, utaandikiwa asilimia 99.99 au zaidi, na watu wanauliza hiyo iliyobaki imekwenda wapi. Haijakwenda popote. Hesabu ya uwezekano haifiki mia, ndivyo ilivyo. Lakini kuna jambo moja la kuwaambia labo mapema katika nyumba zetu zenye ndugu wengi: kama kuna uwezekano kwamba mhusika ni kaka au baba wa huyo anayepimwa, semeni. Ndugu wanagawana sehemu kubwa ya namba, na kipimo kifupi kinaweza kuwachanganya. Mapacha waliotoka yai moja, kipimo cha kawaida hakiwatofautishi kabisa, uchukue damu au mate.

Niseme na hili, kwa kuwa kikao kile kilikuwa kinaelekea kumsahau mtoto mwenyewe. Kanuni ya familia ya Kongo, katika kifungu cha 591, inasema kwamba kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Kipimo kinatafuta nani amezaa. Nani analea ni swali la familia, na hakuna labo itakayolijibu.

Fotokopi ya uzi

Zamani labo ilihitaji doa kubwa la damu. Leo seli 150 hivi zinatosha kwa kipimo kizuri, na hapo ndipo mate yalipopata heshima yake. Kilichobadilisha mambo ni PCR. Neno hilo tulilisikia sana wakati wa Covid, na ndugu zetu wa Kivu Kaskazini walilisikia mapema zaidi, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Ni njia ileile. Kule ilitafuta kirusi, huku inatafuta binadamu.

PCR ni fotokopi. Unapasha joto hadi karibu nyuzijoto 95, uzi wa ADN, ambao kwa kawaida ni kamba mbili zilizosokotana, unaachana. Unapoza, na kila kamba inajengewa mwenzake. Uzi mmoja umekuwa miwili. Unarudia: minne, minane, kumi na sita. Baada ya mizunguko 30 nakala zimepita bilioni moja, na kazi yote ni ya saa chache. Mmarekani Kary Mullis aliibuni mwaka 1983 na mwaka 1993 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kimeng'enya kinachojenga nakala bila kuharibiwa na joto kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani.

Fotokopi hiyo inaanza tu pale inapokuta maneno ya binadamu. Hivyo bakteria wa mdomoni hawasomwi, na nyama ya mbuzi uliyokula haibadilishi lolote. Wanaokuambia usile kabla ya kupimwa wanataka tu mabaki ya chakula yasizibe kazi. Kwa mtoto anyonyaye kuna sababu nzito zaidi: maziwa ya mama yana seli za mama, kwa hiyo husubiriwa kidogo baada ya kunyonya, mdomo usafishwe, ndipo kijiti kiingie.

Uvumi mwingine unaotoka hospitalini: mtu akiongezewa damu, ADN yake inageuka. Huku kwetu damu mara nyingi hutolewa na ndugu au jirani, na nimesikia mama akiuliza kwa hofu kama mtoto wake sasa amekuwa wa jirani. Hapana. Damu inayoongezwa kwa sehemu kubwa ni hizo seli nyekundu zisizo na kiini, na seli nyeupe chache za mgeni huondoka mwilini kwa muda mfupi. Shavu lako halijaguswa. Kinachobadilisha kweli ni kupandikizwa uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Aliyepandikizwa hubeba damu yenye ADN ya aliyempa, na mate yake huweza kuonyesha watu wawili, kwa sababu nayo yana seli nyeupe. Ni nadra, lakini labo huuliza.

Na kundi la damu si ADN. Kujua kwamba mwanamume na mtoto wote wawili ni O hakuthibitishi ubaba wa mtu yeyote; watu wa O ni mamilioni kwa mamilioni. Makundi hayo, yaliyogunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, yanaweza kumtoa mtu kwenye orodha. Kumthibitisha, hayawezi.

Doa, karatasi na saché

Nimefika kwenye sehemu inayoniuma, na nitakaa hapa.

Mji wetu unajulikana dunia nzima kwa sababu ya majeraha ya wanawake na watoto. Hospitali ya Panzi iko hapa, na Daktari Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 ziliweka wazi makosa ya ubakaji, na zinamtaka anayechunguza amwite daktari. Lakini kati ya tukio na daktari kuna nyumba, kuna mama au shangazi mwenye huruma, na huruma hiyo mara nyingi ndiyo inayoua ushahidi. Nguo zinafuliwa. Au, kwa mwenye nia ya kuzitunza, zinakunjwa zikiwa mbichi na kufungwa vizuri ndani ya saché ya plastiki.

Saché ndiyo adui. Tazameni sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Zikianikwa zikakauka, zinasafiri hadi mbali na kukaa miezi. Zifunge mbichi ndani ya plastiki asubuhi, jioni hutaweza kufungua. Damu na mate kwenye nguo ni vivyo hivyo. Unyevu unaamsha bakteria na ukungu, nao wanaukatakata ule uzi hadi fotokopi isipate pa kuanzia. Hapa Bukavu, ambako mvua hutunyeshea miezi tisa ya mwaka, kitambaa kibichi ndani ya plastiki hakiwezi kustahimili siku nyingi. Kinyume chake, tone lililokauka vizuri kwenye karatasi safi linaweza kukaa miaka bila friji.

Kwa hiyo: kwanza hospitali, na haraka, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Uhai na afya viko mbele ya ushahidi, siku zote. Kama inawezekana, aliyeshambuliwa asioge kabla ya kuonwa na daktari. Na kama ameshaoga, aende hivyohivyo, asiambiwe kwamba amechelewa au ameharibu. Mate ya mshambuliaji yanaweza kuwa pale alipouma au alipolamba, na daktari anajua mahali pa kuyatafuta. Nguo zisifuliwe wala kukung'utwa. Zikiwa mbichi zikauke kivulini, penye hewa, si juani, kwa sababu jua nalo linakata uzi. Kila vazi liingie kwenye bahasha yake ya karatasi, ile ya kaki inayouzwa kila mahali, ili la mmoja lisiguse la mwingine. Anayeshika avae glavu, asiongee juu ya nguo, asikohoe. Mate yako wewe msaidizi nayo yana ADN.

Halafu bahasha ifungwe, iandikwe, na kila mkono unaoipokea uweke jina na saa. Wafanyabiashara wanaotuma mizigo kwa boti kati ya Bukavu na Goma wanalielewa hili bila kufundishwa: mzigo usio na karatasi, ukifika umefunguliwa, utamdai nani? Mbele ya hakimu, bahasha iliyokaa wiki mbili kwenye droo ambayo haijulikani nani ana ufunguo wake ni mzigo wa namna hiyo.

Na nisisitize: kukosa ADN hakumaanishi kwamba jambo halikutokea. Kesi ya Kavumu, kilomita kama 30 kutoka hapa, iliisha Desemba 2017 kwa mbunge wa jimbo na wanamgambo wake kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa yale waliyowatendea watoto wadogo, na katika kesi ile faili za madaktari na maneno ya waathirika na familia zao yalikuwa na uzito mkubwa. Mtu asikuambie "hakuna ADN, hakuna kesi".

Kwenye eneo la tukio, wekundu una kazi moja. Kuna dawa inayogeuka waridi ikikutana na kile kinachoipa damu rangi, na nyingine inayong'aa gizani. Lakini kutu na juisi za mimea fulani nazo zinaweza kuzidanganya, na damu ya mbuzi wa sikukuu inajibu sawa na ya mtu. Wekundu husaidia kuiona damu. Seli nyeupe ndizo zinazosema ni ya nani. Mate hayaonekani kwa macho, kwa hiyo hutafutwa kwa kimeng'enya chake kinachovunja wanga, kilekile kinachofanya muhogo uwe mtamu ukiutafuna muda mrefu bila kumeza. Nacho kinaashiria tu. Baada ya hapo ndipo ADN inatolewa: kwenye kichungi cha sigara, mdomo wa chupa, mswaki, makapi ya muwa. Mrija wa pombe ya kasiksi uliopita midomo sita utatoa namba za watu sita zilizoparaganyika, na mtaalamu mwaminifu atasema hawezi kuzitenganisha.

ADN inasema nani. Haisemi lini, wala kwa nini, wala alifikaje. Kijana aliyekunywa soda mahali fulani saa nne asubuhi ameacha mate yake pale, hata kama wizi ulifanyika saa nne usiku.

Ujerumani walijifunza kwa aibu. Kwa miaka kadhaa hadi 2009 polisi walimtafuta mwanamke mmoja ambaye ADN yake ilionekana katika matukio kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji, wizi, mambo yasiyofanana hata kidogo. Wakamwita mwanamke asiye na uso. Mwaka 2009 ikajulikana kwamba hakuwa mhalifu. ADN ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vile vijiti vya pamba. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, vinafaa hospitalini, lakini kuua vijidudu hakufuti ADN. Tangu hapo labo zinadai vijiti vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na ADN ya wafanyakazi wake huwekwa kwenye orodha ili itambulike ikijitokeza.

Watu wanadhani ADN ilianza kama fimbo ya polisi. Alec Jeffreys, wa chuo kikuu cha Leicester, Uingereza, aliona alama zake za kwanza tarehe 10 Septemba 1984. Kazi ya kwanza waliyompelekea, mwaka 1985, ilikuwa ya mtoto wa familia ya Ghana ambaye wakuu wa uhamiaji walikataa kuamini kwamba ni wa mama yake. Kipimo kikaonyesha ni wake, akarudi nyumbani kwa mama. Kesi ya kwanza ya mauaji, karibu na mji huohuo, ilianza kwa kumwondoa lawamani kijana aliyekuwa ameshakiri. Kisha wanaume zaidi ya 5,000 wakaombwa watoe damu au mate. Muuaji alimtuma mfanyakazi mwenzake atoe kwa jina lake. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa, ila cha mtu mwingine, na alinaswa tu pale mwenzake aliporopoka baa. Alihukumiwa Januari 1988. Ndiyo maana leo wanakuomba kitambulisho na kukupiga picha kabla ya kijiti kuingia mdomoni.

Kuna pale ambapo damu haipo tena na mate hayapo tena. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, mbele ya macho ya watu wa Goma. Katika ajali kama ile, mwili uliokaa majini siku nyingi, damu yake huoza mapema, na wataalamu hugeukia meno na mifupa, ambako uzi umejificha nyuma ya ukuta mgumu. Mate ya wazazi au watoto walio hai ndiyo yanayotoa namba za kulinganisha. Na hata jino lina mpaka wake. Jino la Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na Lubumbashi tarehe 17 Januari 1961, lilirudishwa kwa familia yake tarehe 20 Juni 2022 bila kupimwa ADN. Waendesha mashtaka wa Ubelgiji walieleza kwamba kulipima kungeliharibu, na hicho ndicho kipande pekee kilichokuwa kimebaki cha kuzika.

Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, na alikuwa na swali moja. Kwa nini vijiti viwili, kama shavu ni lilelile?

Nikamwambia kwamba kimoja kinapimwa. Kingine hukauka na kukaa kwenye bahasha yake ya karatasi, imefungwa, ili siku familia yoyote kati ya hizi mbili ikibisha, kipelekwe labo nyingine isiyowajua na kipimwe upya.

"Hapo sawa," akasema, akaomba waonyeshwe bahasha ilivyofungwa.